Mpenzi wa Mpira ni Yule Afikaye Uwanjani

Siku hizi jina la "mpenzi wa mpira" limekuwa rahisi mno kulipata. Mtu akivaa fulana nyekundu au ya njano, huitwa mpenzi. Akijua mshahara wa mchezaji wa London, huitwa mpenzi. Akigombana na nduguye usiku kucha kwa sababu ya bao ambalo wote wawili hawakuliona ila katika televisheni, naye huitwa mpenzi, tena mkubwa. Mimi nina rai nyingine, na naomba nafasi katika kurasa hizi niieleze. Mpenzi wa mchezo ni yule aondokaye nyumbani kwake, akalipa kiingilio chake, akaketi juani au mvuani, akautazama mchezo kwa macho yake mwenyewe. Na uwanja wa kwanza impasao kwenda ni ule ulio karibu na mlango wake. Kwetu sisi wa Songea, uwanja huo ni Majimaji.

Sisemi haya kwa kusikia. Kazi ya ualimu ina uhamisho mwingi, nami nimefundisha katika mikoa kadhaa kabla ya kuletwa hapa. Kila nilipopelekwa, baada ya kuonyeshwa nyumba na duka, swali langu lilikuwa moja: uwanja uko wapi, na Jumamosi nani anacheza? Hivyo nimeketi Sokoine kule Mbeya, Samora pale Iringa, Jamhuri Morogoro, Mkwakwani Tanga, Kirumba Mwanza, na ule mkubwa wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti 60,000, uliopewa jina la Rais Benjamin Mkapa mwaka 2020. Wenzangu wengine walinicheka wakisema mwalimu mzima anamaliza mshahara kwa nauli. Hawakukosa kabisa, maana nauli ni nauli. Lakini nilichokipata kwa nauli hiyo sikukipata mahali pengine, na ningependa wanafunzi wetu nao wakipate.

Kwanza, mpira umenifundisha nchi yangu. Nafundisha Jiografia, na nakiri kwamba ramani ya ukutani haisemi kitu kwa mtu asiyesafiri. Atokaye Songea kwenda Dar es Salaam kutazama mchezo hupita Njombe penye baridi, akafika Makambako, akapita Mafinga na Iringa, akateremka mlima Kitonga kwa roho juu juu, akapita katikati ya mbuga ya Mikumi, na akifika huko ameshavuka zaidi ya kilometa 900 za nchi yake. Aendaye Mtwara hupita Namtumbo, Tunduru na Masasi, na leo njia hiyo ni ya lami. Wala si njia peke yake. Mbeya mjini pameinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Timu itokayo pwani ikicheza Sokoine huanza kwa mbio, na kipindi cha pili huonekana wachezaji wameshika viuno, wanatweta. Watu wa milimani nao wakiteremka Tanga, joto la Mkwakwani huwalipa deni hilo. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo mara moja hasahau tena somo la mwinuko na hewa.

Tena majina ya viwanja vyetu ni kitabu cha historia. Sokoine ni Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya motokaa tarehe 12 Aprili 1984. Samora ni Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji, jirani zetu ng'ambo ya mto Ruvuma, aliyekufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986. Uwanja wa Arusha una jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyetuandikia "Sheria za Kutunga Mashairi" na Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Shinyanga kuna Kambarage, na sina haja ya kueleza huyo ni nani. Uwanja wa Uhuru, uliotangulia huu mkubwa wa Dar es Salaam na kuitwa zamani Uwanja wa Taifa, ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Na wetu je? Wetu una jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Katika mji huu huu, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga wazee wetu zaidi ya 60, na kila mwaka siku hiyo twawakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea akaomba msamaha. Basi nawauliza: jina la namna hiyo lafaa kuandikwa juu ya lango la uwanja usio na watu?

Pili, mchezo wenyewe huonekana uwanjani, si kwingine. Najua hapa nitapingwa. Wanafunzi wangu huniambia, "Mwalimu, katika televisheni bao huonyeshwa mara tano, tena polepole." Ni kweli, bao huonekana. Lakini bao ni tunda tu, na mti wake hauonekani. Kamera huufuata mpira, na kati ya watu 22 walio uwanjani mwenye mpira ni mmoja. Wale 21 wanafanya nini? Aliyeketi jukwaani humwona beki wa kushoto anavyopanda mbele kabla ya pasi kupigwa, na jinsi kiungo anavyorudi kuziba pengo lake pasipo kuambiwa. Humwona mlinda lango akiwapanga mabeki kwa mkono. Humwona mshambuliaji anayekimbia mara kumi bila kupewa mpira, na mara ya kumi na moja akaupata. Huyo ndiye wa kumwiga, kwa sababu mara kumi za kwanza hakuna aliyempigia makofi. Kijana atakaye kuicheza timu ya shule yetu katika mashindano ya UMISSETA atajifunza zaidi kwa kuketi dakika 90 nyuma ya lango la Majimaji kuliko kwa kutazama mabao 100 katika simu.

Tatu, uwanja hufundisha kuishi na watu. Kibandani, kwenye vile vibanda viitwavyo "vibanda umiza", mtu huketi na wenzake wa rika moja na ushabiki mmoja. Jukwaani haulizwi mtu kabila wala dini wala cheo. Nimeketi kati ya fundi wa baiskeli na hakimu, na fundi ndiye aliyekuwa akimweleza hakimu sheria ya kuotea. Nimekuwa mgeni katika viwanja vya watu, nikashangilia timu yao ilipofungwa, na aliyeketi karibu yangu akanitazama, akacheka, akanigawia karanga zake. Mtu akipata mafunzo hayo mara nyingi, si rahisi kumwambia baadaye kwamba watu wa mkoa fulani ni wabaya. Atajibu, "Nimekaa nao."

Sasa niseme kuhusu jirani zetu wa Mbeya, maana mfano mzuri hautafutwi mbali. Katika msimu wa 2013/14 Mbeya City iliingia ligi kuu kwa mara ya kwanza, ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Wengi walistaajabia timu. Mimi niliwastaajabia watu wake. Walivaa zambarau na nyeupe, wakakodi mabasi, wakaifuata timu yao mkoa kwa mkoa, wakiimba. Wengi wao zamani walikuwa watu wa Simba au wa Yanga kama sisi. Hawakuacha kuzipenda timu hizo kongwe, moja ya mwaka 1935 na nyingine ya mwaka 1936, lakini walikubali kwamba mtoto wa nyumbani hutangulia. Mwaka 2023 Mbeya City ikateremka, na mwaka 2025 ikapanda tena. Timu yenye watu huanguka ikainuka. Timu isiyo na watu, ikianguka, hulala hapo hapo.

Nasi tulikuwa na wetu. Wanafunzi wengi wa leo hawajui kwamba Majimaji, Wanalizombe, ilikuwa bingwa wa Ligi ya Muungano, ile iliyokutanisha timu bora za Bara na za Visiwani, mwaka 1985, ikarudia mwaka 1986, na tena mwaka 1998. Hizo ndizo zama ambazo lami kutoka Makambako ilikuwa ndiyo kwanza imefika, na wageni walikuja Songea wakijua wamefika mbali na watafungwa. Mwaka 2015 timu ilirudi katika ligi kuu, ikakaa misimu mitatu, ikateremka mwaka 2018. Katika misimu hiyo nilikuwa hapa. Simba au Yanga walipokuja, uwanja ulifurika, na mama lishe, wauza machungwa na vijana wa bodaboda walikwenda nyumbani na fedha. Zilipokuja timu nyingine, jukwaa lilikuwa na watu wa kuhesabu. Yaani wengi wetu hatukwenda kuitazama timu yetu. Tulikwenda kuwatazama wageni wake. Sidai kwamba viti vitupu peke yake ndivyo vilivyoishusha timu, maana klabu huhitaji uongozi, fedha na makocha. Lakini mchezaji aliyezoea kucheza mbele ya ukimya nyumbani kwake, nani atamlaumu akihamia penye makelele?

Ziko hoja tatu ambazo wazazi hunitolea, na ni haki kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni gharama. Mzazi husema fedha hazipo. Nami simwambii mtu ampe mtoto nauli ya Dar es Salaam. Namwambia amwulize mwanawe analipa kiasi gani kibandani kila Jumamosi na Jumapili kutazama michezo ya Uingereza, kisha wajumlishe pamoja mwisho wa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha matumizi. Mchezo mmoja kwa mwezi katika uwanja wetu, ambao wengi hufika kwa miguu, si mzigo. Na siku ambayo hata hicho hakipo, mchezo wa UMISSETA na ule wa shule kwa shule haudai kiingilio. Nao ni mchezo kamili, wenye refa na jasho.

Hoja ya pili ni hatari, na hiyo siichezei. Tarehe 11 Aprili 2001 watu 43 walikufa kwa msongamano katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Haukupita mwezi, tarehe 9 Mei 2001, zaidi ya watu 120 wakafa katika uwanja wa Accra, Ghana. Nasi hatukusalimika: tarehe 28 Mei 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wakaumia katika msongamano pale Dar es Salaam. Wenye viwanja wana wajibu wao wa kufungua milango ya kutosha na kuuza tikiti kwa kadiri ya nafasi. Mtazamaji naye ana wake. Awahi. Asiingie bila tikiti. Asisukume. Akifika, kabla hajaketi, atazame mlango wa kutokea uko wapi. Palipo na vurugu aondoke, hata kama mchezo haujaisha. Mambo haya hufundishika, na mahali pa kuyafundisha ni shuleni, mwalimu akiwa mbele ya safu na si kijana peke yake usiku.

Hoja ya tatu ni masomo. Wako wanaosema mpira huharibu masomo. Mimi nasema kinachoharibu ni kukesha, na kinachoharibu zaidi ni kamari. Hapa nawasemesha wanafunzi waziwazi. Huku kuitwa "kubeti" kumewaingia vijana wetu kama ugonjwa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 humkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini hata kama isingekataza, ningesema yale yale. Mtu aliyeweka fedha yake juu ya mchezo hautazami tena mchezo. Anaitazama fedha yake ikikimbia huku na huku na kaptula. Bao zuri la wapinzani kwake ni hasara, wala hawezi kulipigia makofi. Timu ya nyumbani ikicheza vizuri ikatoka sare, yeye hulala na hasira. Namna hiyo upendo huondoka na kiu ya fedha hubaki. Mpenzi wa kweli hutoa senti yake mlangoni akiijua kuwa imekwenda, na anachokitaka kwa malipo ni kuona watu wakijitahidi.

Tena mpenzi wa kweli ana adabu. Hamtukani refa. Harushi chupa. Mgeni akicheza vyema humpigia makofi, kwa maana bila mgeni hakuna mchezo. Akishinda hamzomei aliyeshindwa, kwa sababu wiki ijayo ni zamu yake. Nimeona katika viwanja vingi kwamba wanaotukana sana ni wale waliokuja mara moja kwa mwaka, siku ya timu kubwa. Wanaokuja kila wiki wamekwisha fungwa mara nyingi, nao wana subira.

Kwa hiyo natoa shauri kwa shule yetu. Kila muhula, kila kidato kichague mchezo mmoja wa mchana wa Jumamosi katika uwanja wa Majimaji, uwe wa timu yoyote ya mji huu, na waende pamoja na mwalimu wao, wamevaa sare, warudi kabla ya masomo ya jioni. Wanafunzi wawili wapewe kazi ya kuandika habari za mchezo huo kwa Kiswahili safi, si mabao tu, bali nani alifanya nini asipokuwa na mpira, na habari bora ichapwe katika gazeti hili. Wasichana wasiachwe nyuma. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, ilicheza fainali za Afrika mwaka 2010 na ikacheza tena zile zilizofanyika Morocco mwaka 2025. Baadhi ya watakaowafuata wamo katika madarasa ya mkoa huu, na msichana hawezi kutamani uwanja asioruhusiwa hata kuukalia. Wazazi nao, baba na mama, nawasihi wawachukue watoto wao mara moja kabla mwaka haujaisha, waketi nao, wawasimulie habari za Majimaji ya mwaka 1985 na 1986. Wako wengi mjini walioiona kwa macho yao. Wakiondoka wao, simulizi hiyo itabaki tarakimu tu katika kitabu.

Tarehe 2 Agosti 2025 taifa letu lilifungua mashindano ya CHAN katika uwanja wa Mkapa kwa kuifunga Burkina Faso 2–0, na Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa fainali za Afrika za mwaka 2027. Hayo ni mambo ya fahari, na atakayeweza kufika afike, apite Kitonga, aione nchi. Lakini timu ya taifa haichipui katika uwanja wa viti 60,000. Huchipua katika viwanja vya mikoa, mbele ya watu wachache wanaomjua mchezaji kwa jina la nyumbani kwao. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Wetu wanacheza pale mjini, mwendo wa miguu kutoka hapa tulipo, na kazi ya kuwatunza ni yetu.

Mwalimu wa Jiografia